Kurudi Kuangalia

Kenta, lori dogo la kubeba ndizi, ilikuwa imeshaiacha Kiroka na mji unakaribia, ndipo Rehani alipopunguza mwendo, akawasha indiketa na kuanza kutafuta mahali pa kugeuzia. Mkewe Maimuna alikuwa amekaa kiti cha utingo. Utingo mwenyewe, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa ameacha kazi wiki iliyopita akisema hawezi kuzeeka akienda mbele na kurudi nyuma. Maimuna alishika kishikio cha mlango na kukaza miguu. Jambo hilo alikuwa ameliona likija tangu kona ya Msufini, pale tairi la nyuma lilipodunda kwenye shimo na mumewe akameza mate.

"Nakwenda kuangalia mara moja tu," alisema Rehani.

"Si tumeshaangalia?"

"Tumeangalia barabarani. Mtaroni hatukuangalia vizuri."

"Mimi nilishuka mtaroni. Mikono inaniwasha mpaka sasa, kuna upupu kule."

"Nyasi ni ndefu, Mama Nasra. Mtu akigongwa na gari anaweza asionekane."

Huo haukuwa ubishi. Ubishi una mwisho, mmoja anachoka au anakasirika. Rehani alisema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi, huku tayari usukani ameshauzungusha. Abdulswamad, mwenye gari, alikuwa akipiga simu tangu wakiwa Mkuyuni, na simu ilikuwa ikitetemeka juu ya dashibodi bila wa kuipokea. Nyuma yao mikungu iliyokatwa Kinole ilikuwa ikiiva vibaya kwenye jua la saa saba. Huko sokoni akina mama waliokwisha kulipia walikuwa wanamtukana dereva kwa jina lake na la baba yake. Rehani yote hayo aliyajua. Hakuwa mvivu, hakunywa, na katika miaka yake yote ya kupanda na kushuka milima ile hakuwahi kumkwaruza hata kuku.

Walipofika Msufini aliingia mtaroni kwa mikono na magoti, akawa anatenganisha nyasi. Shati lake, ambalo Maimuna alilipiga pasi kwa mkono wake, likashika matope hadi kifuani. Mwanamke aliyebeba kuni akasimama kuwatazama.

"Mmepoteza nini, jamani?"

"Nati ya tairi," alisema Maimuna.

"Poleni. Ngoja niwasaidie."

Kabla Maimuna hajamzuia, yule mama ametua mzigo wake, amefunga kanga kiunoni na ameingia mtaroni kutafuta nati. Alitafuta kwa bidii, mtu mwema wa watu, akigeuza mawe na kupapasa matope, wakati Rehani pembeni yake anatafuta maiti. Maimuna alisimama juu yao akatamani ardhi impokee. Mwishowe yule mama alinyanyuka, akajifuta mikono. "Nati yenu imekwenda na maji," alisema. "Mtanunua nyingine." Akamshukuru Mungu kwamba gari halikuwaangusha, akajitwika kuni zake.

Rehani alitoka mtaroni amepata nafuu. Uso ulimrudi, akaendesha akipiga mluzi. Nafuu hiyo ilimfikisha Bigwa, kwenye tuta la kwanza.

*

Wakati wa masika, mzee mmoja alikutwa amekufa kwenye mtaro wa Msufini. Aliitwa Mzee Abeid. Wengine walisema aligongwa, wengine walisema aliteleza kwa mvua akapiga kichwa, na askari waliokuja kuuliza hawakupata wa kumjibu. Jioni ya kuamkia siku hiyo magari mengi yalikuwa yamepita pale, na la Rehani likiwamo. Alipoipata habari hiyo chakula hakikupita, na kuanzia hapo kila shimo la barabara likawa mtu.

Mwalimu wa madrasa wa pale Bigwa ndiye aliyewaelekeza. Aliwahi kuona waumini wakimaliza pipa la maji kwa udhu mmoja, wakishika nia, wakiitilia shaka, wakianza upya, na alisema wasiwasi wa namna hiyo una wataalamu wake, waende hospitali. Huko walimkuta Angelina, mtaalamu wa saikolojia, mwanamke mdogo kwa umri, mwenye sauti ya taratibu na kiti kimoja kibovu ambacho kila mgonjwa alikwepa.

"Ugonjwa huu una jina refu," aliwaambia. "Mimi nauita wasiwasi mng'ang'anizi. Kila mtu hupitiwa na wazo baya. Mimi nikimbeba mtoto wa dada yangu kwenye ngazi huwa nawaza, je, nikimwachia? Wazo linakuja, linapita. Kwa baba hapa halipiti, kwa sababu kila likija analifungulia kesi. Yeye mshtakiwa, yeye askari, yeye hakimu."

"Na mimi?" aliuliza Maimuna, maana aliona anatazamwa.

"Mama ndiye shahidi. Anakuuliza, unamwambia hapana, hukumgonga mtu. Anatulia. Halafu?"

"Ananiuliza tena."

"Basi dawa unayompa ndiyo inayomfanya arudi. Na yeye akienda kule mtaroni kuangalia ni hivyo hivyo. Akili haijifunzi kwamba hatari haikuwapo. Inajifunza kwamba aliokoka kwa sababu alikwenda kuangalia."

Kwa hiyo wakapewa kazi. Rehani apite Msufini bila kugeuza, aache hofu ipande mpaka ichoke yenyewe ishuke, leo kidogo, kesho zaidi. Na Maimuna anapoulizwa asiseme ndiyo wala hapana. Aseme labda. Labda umegonga, labda hukugonga, chai inapoa. Lilikuwa jambo gumu kuliko lilivyosikika. Mwanamke aliyezoea kumtuliza mumewe kwa neno moja akaambiwa aliweke neno hilo mfukoni, amtazame anavyotoka jasho. Siku za mwanzo alikuwa akilisema lile labda kisha anakimbilia jikoni kulia.

Lakini lilikuwa linafanya kazi. Wiki nzima Rehani aliuliza mara chache. Ile safari ya upupu ilikuwa kuteleza, Angelina alisema, na kuteleza si kuanguka.

*

Jumapili mjomba wake Rehani, Mzee Hatibu, alishuka kutoka Kinole na fenesi na mkungu wa ndizi za kupika, mshare. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na baba hata awe mwema vipi ni mgeni wa heshima. Hatibu ndiye aliyemlea Rehani, ndiye aliyemwozesha, na kosa lolote la Rehani lingefika mlangoni kwa Hatibu kwanza. Alikuwa mtu wa haki aliyependa mambo yaishe. Hakuna kilichomchosha kama jambo linaloning'inia.

"Shikamoo mjomba," Maimuna alimpokea kwa magoti.

"Marahaba mkwe wangu. Mmekonda. Wote wawili mmekonda, ninyi mnakula nini?"

Walikaa kula wali na njegere. Mzee alizungumzia barabara, bei ya pilipili manga, na jirani aliyehamisha mpaka. Rehani alikuwa akiitikia, lakini Maimuna aliona kidole chake kinavyogonga ukingo wa sahani. Alijua kinachokuja. Alimkazia macho, asiulize, si leo, si mbele ya mjomba. Rehani aliyaona macho hayo na bado ikamtoka, maana ugonjwa ule haukuwa na adabu kwa wageni.

"Mama Nasra. Yule mzee wa Msufini. Si mimi niliyemgonga, eti?"

Mkono wa Mzee Hatibu ukasimama njiani, tonge la wali liko hewani.

Maimuna alikuwa na njia mbili. Angesema hapana, mjomba angemaliza chakula chake kwa amani na kazi ya wiki mbili ingemwagika chini. Alifikiri hilo, akafikiri jasho la mumewe na namna alivyoanza kulala usingizi wa mtu, akaamua kuwa hodari. Alijivunia kidogo hata uhodari huo.

"Labda ulimgonga, labda hukumgonga," alisema. "Ongeza mchuzi."

Mzee Hatibu alirudisha tonge kwenye sahani. Alimtazama Maimuna, akamtazama mpwa wake ambaye alikuwa ameinamisha kichwa na kupumua kwa shida, akanawa mikono. Maimuna alianza kueleza haraka haraka, habari ya Angelina, habari ya wasiwasi, habari ya shahidi na hakimu, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kufanana na uongo.

"Daktari," alisema mzee taratibu, "amekufundisha umwambie mumeo labda ameua."

"Si hivyo mjomba. Ni tiba."

"Mke anayejua mumewe hakuua, anasema hapana. Hata akiamshwa usingizini." Aliinuka, akavaa kofia yake. "Nimesikia. Msihangaike."

Fenesi lilibaki mlangoni halijapasuliwa.

*

Mzee Hatibu alirudi Alhamisi, na alirudi mwepesi, kama mtu aliyekwisha kutua mzigo. Rehani alikuwa amelala chini ya kenta anakaza boliti. Maimuna alikuwa anafua.

"Nimekwenda kule," alisema Hatibu kabla hata hajakaa. "Kitongoji kile cha juu ya Msufini. Nilimtanguliza mtani wetu na neno, nami nikafuata na jogoo. Nimewaambia wajomba wa marehemu kwamba mwanetu anasumbuliwa, hali, halali, kila siku anarudi pale pale. Wamesema wao wenyewe wamemwona. Kijiji kizima kimemwona. Walikuwa wanajiuliza yule dereva anarudia nini pale."

Maimuna aliacha nguo ndani ya povu.

"Kesho baada ya swala ya Ijumaa tunakwenda. Rehani atasema mwenyewe, mbele ya mjane. Ukoo utatoa fidia, kile kipande cha shamba la pilipili manga cha mtoni. Yaishe."

"Mjomba, akisema hivyo mbele ya watu, polisi je? Leseni je?"

"Wamesema yatabaki kimila."

"Wamesema wazee. Marehemu ana mtoto wa kiume?"

"Yupo. Twalibu." Mzee alikohoa. "Kijana ana hasira kidogo. Atatulizwa."

Rehani alikuwa ametoka chini ya gari. Maimuna alimgeukia akitegemea kuona hofu. Akaona uso uliokunjuka, uso wa kijana aliyemwoa, na hilo ndilo lililomtia baridi.

"Asante mjomba," alisema Rehani. "Asante sana. Nitasema."

"Utasema nini?" aliuliza Maimuna.

"Kwamba ni mimi."

"Ni wewe?"

"Sijui. Lakini nikishasema, nitapumzika."

Siku hiyo alikula sahani mbili. Alicheka na majirani. Habari ilishafika mjini, na alasiri Abdulswamad akaja na pikipiki, hakukubali kukaa, hakukubali hata maji. Alizungumza na Rehani akiwa bado amepanda, injini inanguruma, na majirani wote wakatoka nje kumsaidia kusikiliza.

"Ukikubali umeua, gari langu ndilo lililoua," alisema. "Litakamatwa, litaozea kituoni. Kesho nenda nalo huko, jioni nije nikute kesi hamna, au nikute funguo mezani. Nilikuambia mapema, Rehani. Watu sokoni hawataki tena kusikia ndizi zako."

"Nimekuelewa tajiri," alisema Rehani kwa furaha kabisa, na Abdulswamad akaondoka akitikisa kichwa.

*

Maimuna aliwahi hospitali kabla Angelina hajafunga mlango. Alikaa kwenye kile kiti kibovu bila kukiona. Alieleza yote, mpaka wali na njegere.

"Mimi ndiye niliyemponza. Ulisema niseme labda, nikasema labda. Sasa niruhusu niseme hapana. Nisimame kesho pale niseme hapana, hakumgonga."

Angelina aliweka kalamu chini. "Nilikosea," alisema. "Nilikufundisha lile neno bila kukuuliza nani mwingine anakula hapo kwenu. Ilipaswa mjomba awe amekaa hapa tangu siku ya kwanza. Kwenye vitabu vyetu mgonjwa ana mke tu."

"Sasa nifanyeje?"

"Ukisema hapana, watakuamini?"

Maimuna alifikiri. Mke anamtetea mumewe, nani angemwamini. Tena alikuwa ameshasema labda.

"Ananitisha anavyofurahi," alisema. "Amepata hamu ya kula tangu mjomba aseme atakiri. Ningekuwa sijui ningesema amepona."

"Alikuwa anafurahi vile vile akitoka mtaroni?"

"Alikuwa anapiga mluzi."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka Bigwa." Na hapo Maimuna akaliona. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Kule kwa mjane kesho ni kurudi kuangalia kule kule, ila safari hii mtaro ni watu, na atakayotoa humo hawezi kuyarudisha. Atakiri, atapumzika, halafu litakuja tuta la kwanza. Baada ya Mzee Abeid atakuja mwendesha baiskeli, atakuja mtoto wa shule wa Mkuyuni, na ukoo hauna mashamba ya kuwatosha wote.

"Mwambie hivyo hivyo ulivyoliona," alisema Angelina. "Mara moja. Usimbembeleze. Halafu mwachie mwenyewe, hata kama atachagua vibaya. Naomba nije nanyi."

"Wakikuona watasema tumekuja na wakili."

Maimuna alimwambia mumewe asubuhi, wakati anavaa kanzu. Rehani alisikiliza akifunga vifungo, ile furaha ikamtoka usoni polepole, na kwa muda huo Maimuna alijiona mkatili kuliko watu wote wa Morogoro. Rehani alichukua funguo za gari, akatoka.

*

Walikaa kwenye mkeka nje ya nyumba ya marehemu, wajomba wa huku wakitazamana na wajomba wa kule. Mjane, Bi Mwajuma, alikaa kwenye kigoda mlangoni, amejifunika kanga nyeusi iliyopauka. Twalibu alisimama, hakutaka mkeka. Maimuna alikaa nyuma pamoja na wanawake, na hakuna aliyesogea kumpa nafasi vizuri.

Aliyefungua maneno alikuwa mtani, fundi baiskeli mwenye jino moja la mbele, ambaye kwa cheo chake cha utani alikuwa na ruhusa ya kusema lolote penye msiba asipigwe.

"Wajomba, hawa wamekuja kununua maiti," alisema. "Mimi nimewaambia maiti ya zamani haina bei, wamekataa. Na huyu dereva wao, kila siku yuko mtaroni ananusa nyasi. Angekuwa fisi ningemwelewa, fisi anarudia nyama. Binadamu anarudia nini?"

Watu wakacheka kile kicheko cha kukipa kifua nafasi. Hata Bi Mwajuma alifunika mdomo. Rehani hakucheka. Mzee Hatibu alisema maneno yake marefu na mazuri, akataja kipande cha mtoni kwa mipaka yake, mto upande huu, mnazi upande ule. Wajomba wa kule wakaitikia. Ilikuwa imebaki kitu kidogo tu, mwenyewe aseme.

"Sema mwanangu," alisema Hatibu.

Rehani alifungua mdomo. Kisha kabla hajatoa neno, Bi Mwajuma akamtangulia. Hakuwa ameombwa kusema.

"Mimi shamba silitaki kwanza," alisema. "Nataka niulize. Alitoka hapa amekwenda kuangalia mbuzi kabla mvua haijakaza. Nilimwambia asiende. Tangu hapo silijui lolote. Kama alilia, kama hakulia. Kama aliyemgonga alisimama. Niambie kijana, ni wewe?"

Ni swali lile lile. Rehani alikuwa amejiuliza swali hilo kwenye njia zote za Uluguru, kitandani, msikitini, na sasa kwa mara ya kwanza lilitoka mdomoni mwa mtu mwingine aliyekuwa na haki ya kuliuliza. Aligeuka kumtafuta Maimuna. Macho yake yalikuwa yanaomba kama yalivyoomba kila siku, neno moja tu, nipe. Na lile neno lilikuwapo, limejaa kinywani mwa Maimuna mpaka meno yanauma. Aliinamisha uso akatazama miguu yake. Alihisi wanawake waliomzunguka wanavyomwona, mke asiyeweza hata kumtazama mumewe, na akajua wameshahukumu.

"Mama," alisema Rehani. "Mimi ni mgonjwa. Kichwa changu kinaniambia nimeua watu wengi. Kinaniambia nimemuua mtoto Mkuyuni, yupo, namwona anacheza. Kinaniambia nimemuua mzee wako. Nilipita hapa jioni ile, ni kweli. Sikuona mtu, sikusikia mtu, gari halikuguswa. Nilikuja hapa nikubali ili nikalale. Lakini nikikubali la kwako, kesho nitakuja kukubali la jirani yako."

"Sijakuuliza ugonjwa," alisema mjane. "Nimekuuliza, ni wewe?"

"Hapana."

Watu wakaguna. Rehani alinyanyua mkono.

"Nimesema hapana, na nalisema mara moja. Nakuomba mama usiniulize tena. Ukiniuliza tena nitakubali, na itakuwa uongo ninaokupa uuzike kaburini."

Twalibu alimjia juu, wazee wakamshika. Alisema atakwenda polisi, na Rehani akajibu nenda, nitawaeleza haya haya. Mtani alijaribu mzaha mwingine, ukakosa wa kuupokea. Mzee Hatibu alikuwa ameinuka. Alisimama katikati ya mkeka, mzee aliyekuja na shamba mkononi akageuzwa mwongo mbele ya wajomba wenzake.

"Umenivua nguo," alisema. "Mimi niliyekulea."

"Nisamehe mjomba."

"Nitapata pikipiki ya kunipandisha Kinole. Gari lako sipandi." Akavaa makubazi yake, akaenda bila kuaga mtu, mgongo umepinda kuliko alivyokuja. Maimuna alimlilia yule mzee, kweli alimlilia, maana katika watu wote waliokuwapo pale yeye ndiye aliyekuja kutoa.

Alipokwenda kumpa mkono wa kwa heri Bi Mwajuma, mjane alimshika asimwachie. Viganja vyake vilikuwa vikavu.

"Nilikuwa nimeshafurahi, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Jana nililala. Nikasema angalau ni mtu, ana jina, ana mke. Sasa mmenirudisha kule kule."

Ndipo mjane alipomwachia.

*

Rehani aliiteremsha kenta tupu kwa gia ndogo. Kanzu ilikuwa imemganda mgongoni. Ilipokuja kona ya Msufini alishika usukani kwa mikono miwili, tairi la nyuma likadunda kwenye shimo lile lile, akafumba mdomo, pumzi ikawa inampitia puani kwa kishindo. Hakupunguza mwendo. Mguu wake wa kulia ulikaa juu ya pedali ya mafuta, haukuhama. Nyumba za Kiroka zikaja, zikapita, hakutafuta pa kugeuzia. Baada ya muda pumzi ilianza kumtulia, taratibu, yenyewe, bila mtu kumpa kitu.

"Imeshuka," alisema kwa mshangao. "Mama Nasra, imeshuka."

"Nimeona."

Alipaswa kufurahi. Alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu masika. Lakini viganja vya yule mjane vilikuwa bado mikononi mwake, na Maimuna alijikuta anaifikiria jioni ile ya mvua. Rehani alichelewa kurudi. Alikuwa amelowa. Aliingia moja kwa moja kuoga, na asubuhi, hata chai hajanywa, aliosha gari. Aliliosha kwa sababu lilikuwa na matope. Magari yote yalikuwa na matope. Maimuna hakuwahi hata mara moja kuifikiria jioni ile, kwa sababu kila alipoulizwa alikuwa na hapana yake tayari, na mtu mwenye hapana tayari hahitaji kufikiri. Sasa hapana hiyo alikuwa ameitafuta, hakuipata mahali pake.

Alimtazama mumewe. Alikuwa ameanza kupiga mluzi, kisha akajishtukia akaacha, akacheka peke yake.

Swali likampanda Maimuna kooni, fupi, rahisi. Angeliuliza kwa upole tu, mara moja, apate kutulia. Na Rehani angejibu, hana shaka angejibu, halafu angeligeuza gari.

Akalimeza. Lilipanda tena.

"Unaangalia nini?" aliuliza Rehani.

Ndipo alipogundua kwamba amejipinda kwenye kiti, shingo nje ya dirisha, anaitazama barabara waliyotoka.

"Hakuna kitu," alisema Maimuna, akarudisha kichwa ndani, akaikalia mikono yake mpaka Bigwa.